Milioni ya parishi inadaiwa, kuku wamekufa, mume anasema tuvuke Kenya

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa wilaya ya Busia, upande wetu wa Uganda. Nalima muhogo, karanga na mahindi kidogo, na mume wangu anaendesha boda. Nakuandikia wewe kwa sababu jambo lenyewe siwezi kulipeleka kwa mama mkwe, na nikilitaja kanisani litafika kila nyumba kabla ya jioni.

Jina langu lilipita kwenye orodha ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa. Kikundi chetu cha akina mama kiliandikisha ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kabla pesa hazijatoka, kiongozi mmoja wa SACCO ya parishi yetu alituita mmoja mmoja, akasema anayetaka jina lake lisirudi chini atatoa shilingi 100,000 pesa zikishaingia. Tulitoa sote. Milioni iliingia kwenye simu kwa Wendi, ile pochi ya simu ya PostBank, na siku hiyohiyo 100,000 zikaondoka.

Namba ya siri ya simu mume wangu anaijua, maana ndiye aliyenisaidia kujiandikisha. Wakati huo pikipiki yake, aliyoichukua kwa mkopo, ilikuwa karibu kunyang'anywa. Akatoa 400,000 bila kuniambia, akalipa yale malimbikizo. Nilipata habari kwa wakala, nilipokwenda kutoa pesa nikakuta nusu tu. Tuligombana sana, kisha nikanyamaza kwa ajili ya watoto. Pikipiki hiyo ameimaliza kuilipia mwaka jana, na kadi yake iko kwa jina lake.

Kwa zile 500,000 nilijenga banda, nikanunua matetea na majogoo, nikanunua na chakula. Walianza vizuri. Walitaga, nikauza mayai, nikanunua sare za shule. Kiangazi kilipofika wakaanza kupinda shingo na kuharisha kijani, na kabla sijapata wa kunisaidia walikuwa wamekwisha. Nimebaki na kuku wanne.

Sasa imebaki kama miezi mitano deni lianze kudaiwa. Watu wamepita wakisema atakayeshindwa ataezuliwa mabati. Jirani yangu anacheka, anasema ile ni asante ya kura na hakuna atakayerudisha. Mume wangu anasema tuchague moja: tuuze kipande cha shamba la chini, lile la muhogo, au tuvuke twende kwa kaka yake Kenya mpaka mambo yapoe.

Shangazi, je, nilipe hata pesa ambazo sikuzitumia mimi? Zile 100,000 nazo ni deni langu? Nimwambie nini mume wangu nyumba isivunjike? Na nikilipa, naweza kukopa tena?

Mama wa Watoto Wanne, Busia

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na yale mawili ya mumeo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweza kufanyika kesho asubuhi, na yakishafanyika hayarudi nyuma. Msiuze shamba. Msivuke mpaka.

Shamba la muhogo ndilo linalokulisha wewe na watoto wakati pesa haipo. Ukiliuza ulipe deni la milioni moja, mwakani utakuwa unanunua unga wa muhogo sokoni kwa pesa ambayo huna, na utakopa tena, safari hii kwa watu ambao riba yao ni ya mwezi. Tena mumeo hana ruhusa ya kuliuza peke yake. Sheria ya Ardhi ya 1998, na marekebisho yake ya 2004, inasema ardhi ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kutoka kwake haiuzwi, haiwekwi rehani wala haikodishwi bila ridhaa ya mke. Ridhaa hiyo ni yako kutoa au kukataa. Akija mnunuzi na karatasi, usitie kidole, na umjulishe mapema mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chenu, kwamba hujakubali.

Kuhusu Kenya, naelewa kwa nini inavutia. Mpaka uko karibu, lugha ni ileile, shemeji yuko. Lakini mkopo umeandikwa kwa namba ya kitambulisho chako cha taifa, na deni halifi kwa kuvuka barabara. Watakaobaki kuulizwa ni wale akina mama wa kikundi chako, ambao walikubali jina lako lipite. Na siku utakaporudi, maana utarudi, hutakuwa tena yule mama aliyefiwa na kuku. Utakuwa yule aliyetoroka, na hakuna kamati itakayokusikiliza kwa upole.

Sasa hilo la jirani. Simlaumu moja kwa moja, kwa sababu watu wetu wamezoeshwa. Tangu NAADS, ule mpango wa serikali wa huduma za ushauri wa kilimo, ilipoanza mwaka 2001, na baadaye wanajeshi walipopewa kazi ya kugawa miche na mbegu chini ya Operation Wealth Creation, mkulima alipokea kitu na hakuulizwa tena. Halafu ukaja mradi wa vocha za simu uliogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakulima wa wilaya kama Iganga walichangia theluthi ya bei ya mbolea na mbegu msimu wa kwanza, na serikali ikamalizia, kisha mchango wa mkulima ukapanda msimu hadi msimu. Hiyo ilikuwa ruzuku ya kweli, sehemu ya serikali hairudishwi. PDM iliyozinduliwa wilaya ya Kibuku Februari 2022, hapo jirani na kwenu, ni kitu kingine. Kila parishi inapewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kila kaya inayoingia inakopeshwa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ni mkopo nafuu sana. Benki haikupi hivyo, na mkopeshaji wa sokoni hawezi hata kuiota riba hiyo. Lakini ni mkopo.

Na pesa ukizirudisha haziendi Kampala. Zinarudi kwenye SACCO ya parishi yenu, zikopeshwe kwa kaya inayofuata. Hili nataka ulishike, kwa sababu jirani yako anazungumza kana kwamba anayedhulumiwa ni mtu wa mbali mwenye magari mengi. Gawanya milioni 100 kwa milioni moja moja, unapata kaya 100 kwa mwaka. Hesabu kaya za parishi yenu uone ni ngapi bado zinangoja. Yupo mama mwenzako ambaye jina lake halijafika, na milioni yake ni hiyo iliyoko kwako.

Kwa hiyo ndiyo, utalipa. Lakini hebu tuihesabu hiyo milioni vizuri, kwa sababu umeniuliza kana kwamba yote imekufa na kuku, na sivyo.

Riba ya asilimia 6 ni 60,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 120,000, kwa hiyo jumla ni 1,120,000, isipokuwa karatasi yako ya mkopo iseme vingine. Itafute karatasi hiyo leo, na kama huna, kaombe nakala. Katika jumla hiyo, zile 400,000 alizochukua mumeo pamoja na riba yake ni 448,000. Zile zako za kuku na banda ni 560,000. Na zile 100,000 za kiongozi, pamoja na riba, ni 112,000.

Sasa angalia hizo 448,000. Ziko wapi? Hazikupotea. Ziko barabarani kila siku zinabeba abiria. Pikipiki iliyokuwa inyang'anywe iliokolewa na mkopo ulioandikwa kwa jina lako, na leo ni mali kamili ya mumeo. Na pesa aliyokuwa akimpelekea mwenye pikipiki kila wiki sasa inabaki mfukoni mwake. Alizoea kuitoa, mwili wake unajua kufanya kazi kwa ajili yake. Akitenga shilingi 5,000 kwa siku, siku sita za wiki, ni 30,000 kwa wiki. Katika wiki kumi na tano atakuwa amemaliza sehemu yake, na bado muda wenu haujaisha.

Hapo ndipo mazungumzo yenu yalipo, mwanangu. Usiyaanze kwa neno wizi, ingawa alichokifanya hakikuwa haki na hupaswi kukipaka sukari. Kuchukua pesa ya mkopo wa mkeo bila kumwambia ni kosa, hata kama pikipiki ndiyo inayoleta sukari nyumbani. Lakini ukianza na kosa, mtarudi kwenye ule ugomvi wa kwanza, naye atajitetea badala ya kuhesabu. Chagua saa ambayo ameshakula na watoto wamelala. Weka karatasi ya mkopo mezani, mweleze hesabu kama nilivyoieleza hapa, kisha mwambie: "Baba fulani, mimi nachukua sehemu ya kuku, wewe chukua sehemu ya pikipiki." Nyamaza, mpe nafasi. Mwanaume anayefikiria kuuza shamba na kukimbilia kwa kaka yake ni mwanaume aliyeogopa. Nadhani anaogopa kwa sababu anajua sehemu yake ni ipi na haoni namna ya kuilipa bila aibu. Wewe unampa namna.

Kama atakataa kabisa, usipigane naye peke yako. Mwite mtu anayemheshimu upande wa ukoo wake, mjomba au kaka mkubwa, au nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii pale gombolola, ofisi ya utawala iliyo juu ya parishi. Kazi yake ni pamoja na kusuluhisha mambo ya nyumbani kama haya, tena bila malipo. Na vyovyote atakavyojibu, badilisha namba ya siri ya Wendi. Isikuumize roho. Akaunti ni yako na deni ni lako, na namba ya siri iwe yako pia.

Sehemu yako ya 560,000 ni ngumu zaidi, na sitakudanganya kwamba kuku wanne watailipa. Karanga za msimu huu zitatoa kiasi. Muhogo uliokomaa unaweza kuuzwa sehemu, usiung'oe wote. Yote hayo huenda yasitoshe kwa miezi mitano, ndiyo maana nakusihi uende SACCO sasa, kabla hujadaiwa. Nenda na mwenyekiti wa kikundi chenu, na barua. Andika tarehe kuku walipokufa, wangapi, dalili zilivyokuwa, nani alishuhudia. Afisa wa mifugo wa gombolola akikubali kuandika mistari miwili kuthibitisha kwamba ugonjwa ulipita eneo lenu, iambatanishe. Kisha sema unachoweza kulipa kila mwezi kuanzia mwezi huu, na uombe baki iongezewe muda. Pata nakala yenye muhuri ya barua hiyo. Mkopaji anayekuja mwenyewe, na hata 50,000 za kwanza mkononi, hutendewa tofauti na yule anayetafutwa.

Uliza pia kama mkopo wako ulikatiwa bima. Tangu 2016 serikali imekuwa ikilipa nusu ya ada ya bima ya kilimo kwa mkulima mdogo, na mifugo imo. Kama ipo, barua ya afisa wa mifugo itakuwa na thamani kuliko unavyodhani. Kama haipo, utajua la kudai safari nyingine.

Unapolipa, pesa iingie kwenye akaunti ya SACCO, kwa simu au benki, mahali ambapo inaacha alama. Usimpe mtu yeyote noti mkononi hata akiwa jirani, hata akikupa risiti ya kalamu. Nakwambia hivi kwa uchungu, kwa sababu najua mtakuja kuambiwa "nipe mimi nitakupelekea," na aliyekula 100,000 zako mara ya kwanza hataona ugumu kula mara ya pili.

Tumefika kwake basi. Kwa karatasi, zile 112,000 ni deni lako, maana karatasi inasema ulipokea milioni nzima. Pesa ambayo haikulala kwako hata usiku mmoja imezaa riba kwa jina lako. Hilo linaniudhi sana, nami sitaki uliache. Lakini usilichanganye na malipo. Ukienda SACCO kusema "nakata 100,000 kwa sababu fulani alizila," utaonekana mkopaji mbishi, na yeye ndiye ameketi kwenye meza ile. Lipa kwa karatasi yako, na hili lipeleke kwingine.

Kwingine ni wapi? Kwanza kwa wenzako. Umesema mlitoa sote. Mama mmoja akisema ni maneno, akina mama kumi wakisema jambo lilelile, kiasi kilekile, siku zilezile, huo ni ushahidi, na simu zenu zina kumbukumbu ya pesa zilivyotoka. Sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 humwangalia anayeomba na anayetoa pia, kwa hiyo msilitangaze sokoni. Nendeni pamoja, mseme mapema na mseme wazi kwamba mlitozwa kama sharti la kupata haki yenu. Mnaweza kwenda kwa RDC, mwakilishi wa Rais pale wilayani, au kwa ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali (IGG), inayopambana na rushwa, yenye tawi Tororo, si mbali na kwenu. Kuna sheria ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa. Ombeni tangu mwanzo majina yenu yafichwe.

Najua utasema yule ni mtu wa pale pale, mnakutana kisimani na kwenye matanga. Ndiyo. Na orodha ya mwaka ujao anaitengeneza yeye. Kama mmeamua kunyamaza, ile kaya inayongoja milioni yako nayo itapokea 900,000 na kudaiwa milioni.

Mabati yako usiyaogopee. Mikopo hii haikuwekewa dhamana ya nyumba wala ardhi, na hakuna mtu wa SACCO, wala askari wa kukodiwa, mwenye ruhusa ya kuingia kwako na kubeba kitu bila amri ya mahakama. Wakitaka kukushtaki, dai la chini ya shilingi milioni 10 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo mbele ya hakimu, bila mawakili, na hapo nakala yako ya barua yenye muhuri na kumbukumbu za malipo ndivyo vitakavyozungumza. Atakayekuja na vitisho, muulize jina na barua yake, umwite LC ashuhudie.

Umeuliza kama unaweza kukopa tena. Kwanza lipa, au angalau uwe katikati ya kulipa kwa utaratibu unaoonekana. Mfuko ni wa kuzunguka, na SACCO yenye akili humrudia aliyerudisha. Lakini usiombe tena kuku kabla hujajua kilichowaua wale wa kwanza. Kwa dalili ulizotaja, kupinda shingo na kuharisha kijani, na kwisha haraka wakati wa kiangazi, karibu nina hakika ni kideri. Hakina dawa kikishaingia, lakini kina chanjo. Ipo ya matone ya jicho, tone moja kwa kuku, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na gharama yake kwa kuku mmoja ni ndogo kuliko bei ya yai. Chupa moja inatosha kuku wengi mno kwa mama mmoja, kwa hiyo nunueni kwa kikundi na mchanje siku moja kijiji kizima, kabla kiangazi hakijaanza. Inaniuma kwamba mlipewa pesa za kuku na hakuna aliyewaambia hili. Mafunzo yalikuwa haki yenu chini ya mpango uleule, kaulizeni gombolola kwa nini hayakufika.

Hao kuku wanne waliobaki usiwauze kulipa deni. Waliupita ugonjwa, huenda wana kinga. Waache watage na kuatamia, wachanje pamoja na vifaranga vyao, na uniandikie mumeo akishajibu.